Hedifoni za Mfupa na Haki za Sikio katika Mji Mkongwe

Hedifoni za mfupa ni chombo kinachofikisha sauti kwenye sikio la ndani bila kupitia tundu la sikio: vidude viwili hukaa juu ya mifupa ya mashavu, vikatetema, na mtetemo huo ukasafiri kwenye fuvu mpaka kwenye koklea, yaani kiungo chenye umbo la konokono kinachogeuza mtetemo kuwa ishara ambazo ubongo huzitambua kuwa ni sauti. Njia hii kila mwanadamu anayo bila kuinunua, kwa kuwa sauti yake mwenyewe humfikia kwa hewa na kwa mfupa kwa pamoja, na ndiyo sababu anayesikiliza ujumbe aliojirekodi kwenye WhatsApp hudhani kuwa anayesema humo ni mtu mwingine, mwenye sauti nyembamba na haiba ndogo. Uvumbuzi wenyewe nao si wa jana. Katika miaka ya 1920 Hugo Gernsback, mhariri na mvumbuzi wa Marekani, alibuni chombo alichokiita Osophone, ambacho msikilizaji alikibana kwa meno, utaratibu ambao usingedumu hata jioni moja kwenye soko la vyakula la Forodhani, ambako meno yana majukumu mengine.

Watengenezaji wa leo huzisifia hedifoni hizi kwa hoja ya usalama, kwamba mkimbiaji ambaye masikio yake yako wazi ataisikia gari kabla haijamfikia. Hoja hiyo ina uzito kwenye barabara ya Mizingani au pembezoni mwa viwanja vya Maisara na Mnazi Mmoja, ambako wakimbiaji wa Unguja hujitokeza alfajiri kabla jua la kaskazi halijawageuza nia. Ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, vichochoro vingi havipitishi gari hata kidogo. Kinachopita humo ni vespa, baiskeli, mkokoteni wa hamali na, chenye hatari kuliko vyote, salamu.

Mabaraza ya mawe yaliyojengwa pamoja na kuta za nyumba huwa na wazee, na kila mzee ana haki ya kusalimiwa na kujibiwa, tena si kwa neno moja bali kwa mfululizo unaoanzia afya ya mpita njia, ukaendelea kwa wazazi wake na kuishia kwa shangazi aliyeko Pemba. Kijana aliyeziba masikio kwa hedifoni za kawaida akapita bila kuitikia “Assalaam alaykum” hahesabiwi kuwa hakusikia, anahesabiwa kuwa amejiona, na taarifa ya kiburi chake hufika kwao kabla yeye hajamaliza mazoezi. Hapa ndipo ilipo faida halisi ya sikio wazi, na ni ajabu kwamba hakuna mtengenezaji aliyeiandika kwenye boksi.

Ugumu huanzia dukani. Madukani mna vifaa vingi vyenye umbo lilelile, lakini ndani yake ni spika ndogo tu zinazorusha sauti hewani kuelekea sikioni, na njia ya uhakika ya kuvitofautisha ni mnunuzi kuvivaa, kuwasha muziki, kisha kuziba masikio yake kwa vidole: sauti ikififia, hicho ni spika ya kawaida, na ikibaki au ikizidi kujaa, basi ni ya mfupa, kwa kuwa sikio lililozibwa huongeza nguvu ya sauti nene zinazopita kwenye fuvu. Kipimo hiki hakina dosari kitaalamu. Dosari yake ni ya kibiashara, kwani mnunuzi wa soko la Darajani aliyejiziba masikio na kutikisa kichwa kwa kuridhika hufanya hivyo wakati uleule muuzaji anapotaja bei, na muuzaji, kwa haki kabisa, huihesabu ishara hiyo kuwa ni makubaliano.

Udhaifu unaokubaliwa na wote ni besi. Udi na fidla za taarab hupita vizuri kwenye mfupa, lakini kidumbak, ngoma iliyo jamaa wa karibu wa taarab, husimama juu ya sanduku, yaani besi ya uzi mmoja uliofungwa kwenye boksi la mbao, na sauti nene ya aina hiyo haisikiki sana shavuni ila hutekenya. Mwanamke aliyezivaa chini ya ushungi, mahali panapofaa kwa sababu kitambaa kikikaa kati ya kidude na ngozi hupunguza mtetemo, huonekana akitabasamu peke yake njia nzima, na mtaa huanza kukisia jina la mchumba.

Kuhusu maji, mnunuzi hana budi kusoma alama ya IP, ambayo tarakimu yake ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vumbi na ya pili dhidi ya maji. OpenRun ya kampuni ya Shokz, yenye uzito wa gramu 26 na chaji ya saa 8, ina IP67, maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, si ya chumvi, na hakuna maabara iliyofikiria makachu, wale vijana wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani miguu ikiwa juu. Isitoshe, mawimbi ya Bluetooth hufifia baada ya sentimita chache tu za maji, kwa hiyo mwogeleaji aliyeacha simu ukutani huambulia kimya, na pengine akirudi haikuti simu pia. Anayetaka muziki baharini atafute aina yenye hifadhi yake ndani, kama vile OpenSwim yenye gigabaiti 4. Waya wa chaji nao uangaliwe: ukiwa ni wa sumaku, wa umbo lisilofanana na jingine lolote, ukipotea Unguja huagizwa kwa boti.

Simu ina mambo yake. Kwa kuwa kifaa hakionekani kwa urahisi, anayezungumza nacho huonekana anawahutubia waliopo, na mtu akikatiza Jaws Corner, baraza la kahawa ambalo siasa hujadiliwa kutwa, huku akimwambia fundi wake kwa ukali, “Huyo hatumtaki tena, mwambieni aondoke,” asishangae akifuatwa na watu wanaotaka kujua ni nani huyo na ataondoka lini.

Inabaki kasoro moja ambayo wenye hedifoni hizi huizungumza kwa sauti ya chini. Masikio yanapojulikana kuwa yako wazi, kisingizio cha kutosikia hufutika, na mwenye duka anayedai hela ya mchele tangu mfungo uliopita huita jina mara moja tu. Ndiyo maana wapo wakaazi wanaomiliki aina zote mbili, za mfupa kwa ajili ya mji mzima, na zile za kuziba kwa ajili ya kichochoro kimoja.