Kamati ya Mimba ya Mtasema

Mtasema alipopata mimba alikuwa na miezi saba. Jino lake la mwisho la utoto lilikuwa limedondoka juzi tu, na bado alikuwa akifukuza mkia wake mwenyewe akidhani ni mgeni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia joto. Damu ilimtoka siku tisa hivi, uani wote wakaiona, wote wakageuza nyuso. Kwenye uzio palikuwa na tundu. Basi.

Jogoo akaitisha kamati. Bata alishuhudia kwamba binti alikuwa na tabia ya kutikisa mkia. Beberu, mwenye watoto vijiji vitatu na asiyejua jina la hata mmoja, alihutubia kuhusu maadili mpaka jua likazama. Simba, mbwa mlinzi, alisimama mlangoni kulinda utulivu wa kikao, akapongezwa na pongezi zikaingizwa kwenye muhtasari. Suala la tundu likawekwa chini ya Mengineyo.

Kunguru akapiga hodi kutoka mwembeni. Huyu hulala juu ya paa la daktari wa mifugo, na masikio yake hayalali.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mbwa hubeba mimba siku 63, zikizidi au kupungua ni chache. Huyu nyonga yake bado changa, watoto wanaweza kukwama. Apelekwe kwa daktari sasa. Mapema hivi ipo sindano ya kuiondoa mimba, upo na upasuaji wa kutoa kizazi. Akiachwa azae, azae chini ya jicho la daktari. Ila kila njia ina siku zake."

"Wewe ni mkazi?" Jogoo akauliza.

Kunguru akajieleza kwamba wazee wake walifikishwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19. Kamati ikaona bado ni mgeni, na maneno yake yakafutwa.

Wiki ya tatu wajumbe walijadili tofauti ya "bahati mbaya" na "uzembe". Wiki ya tano tumbo likaanza kujitokeza. Kunguru akapenyeza neno kwamba sasa alishwe vizuri, chakula cha watoto wa mbwa, kidogo kidogo mara nyingi, maana yeye mwenyewe bado anakua. Kamati ikaazimia apunguziwe mlo ili ashike adabu. Hapo mimi niliyekuwa nikicheka niliacha.

Wiki ya nane Paka akapendekeza ahamishiwe nyuma ya choo, vitoto visije vikaiga. Ungedhani mimba ni upele. Hoja ikapita bila kupingwa, Simba akamsindikiza.

Usiku wa siku ya 62 Mtasema alikataa chakula, akachimbachimba ardhi, akatetemeka. Akaanza kusukuma. Nusu saa ikapita, ikazidi, kilichotoka ni uchafu wa kijani tu, mtoto hakuna. Kunguru hakwenda kwa Mwenyekiti. Alikwenda kwa Punda, ambaye hakuwahi kualikwa kikaoni kwa kuwa sauti yake huvuruga mijadala. Punda akalia kwa nguvu zake zote mpaka mwenye mji akatoka na tochi.

Daktari alimpasua usiku uleule, na kizazi akakitoa papo hapo. Watoto walikuwa wanne. Wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Wiki ya 12 kamati ikasoma ripoti yake. Kosa lilikuwa la Mtasema, na tundu lingeshughulikiwa fedha zikipatikana. Makofi yakapigwa. Katikati ya makofi kitoto kimoja, ndiyo kwanza kinajifunza kutembea, kikaja kikiyumba hadi mlangoni: sikio moja jeupe, jingine jeusi, na doa la kahawia juu ya jicho la kushoto.

Wajumbe wakakitazama kitoto. Wakamtazama mlinzi. Kisha kila mmoja akainamia karatasi zake.

Simba akakizuia kwa mguu. "Wasio wajumbe," akasema, "hawaruhusiwi kuingia."