Namna ya Kuwa Mwanamichezo Bila Kuinuka Kitini

Siku moja atabisha hodi karani kijana mwenye kishikwambi, kitambulisho shingoni na kadi za picha mkononi. Atauliza kuhusu sigara, pombe na mboga za majani, kisha atafika kwenye shughuli za mwili. Jiweke sawa hapo. Presha hawakuamini, wanakupima kwa mashine. Uzito nao, mzani wamekuja nao. Mazoezi ndiyo wanayokubali kwa maneno matupu.

Dodoso lake la shughuli za mwili limetungwa na Shirika la Afya Duniani, lina maswali 16, na lilipita majumbani Tanzania mwaka 2012 na Kenya 2015, kuona nani anakaribia kisukari na magonjwa ya moyo. Jifunze hesabu yake mapema. Dakika moja ya shughuli ya wastani ina alama 4, ya kutumia nguvu nyingi ina alama 8, na anayefikisha 600 kwa wiki amefaulu. Kutembea haraka nusu saa kwa siku tano kunatosha kabisa. Ukijitangaza mkimbiaji, dakika 75 tu zinakuvusha, kwa hiyo jitangaze mkimbiaji.

Utaulizwa kuhusu wiki ya kawaida. Mimi nakushauri wiki ya kwanza ya Januari. Ulinunua traksuti, ulijiunga na klabu ya jogingi, mkakimbia hadi kwenye supu. Kwamba tangu hapo umeendelea na supu peke yake, hujaulizwa.

Shughuli ya nguvu, wanasema, ni ile inayokufanya uheme sana au moyo uende mbio kwa dakika 10 mfululizo. Shabiki aliyetazama mechi ya Simba na Yanga hadi penalti ya dakika ya 89 ana hoja nzito hapa, lakini asiitoe: karani atamwonyesha picha ya mtu anayechimba mtaro. Swali la muda wa kukaa ni jepesi zaidi. Mkazi wa Mbagala anayekwenda Posta kwa daladala amesimama njia nzima, tena kwa mguu mmoja, na kusimama si kukaa.

Ila usilewe sifa. Ukidai zaidi ya saa 16 za shughuli ya aina moja kwa siku, wachambuzi wanakutupa nje na majibu yako yote. Uongo mzuri una kiasi.

Asiyejua kujibu ni jirani yako, mama lishe. Ameamka usiku wa manane, amebeba ndoo ya lita 20 kichwani, amesonga ugali wa watu arobaini, na karani anapotaja kutumia nguvu yeye anacheka: "Mazoezi? Mwanangu, huo muda nautoa wapi?" Karani aliyechoka ataandika hapana. Na dodoso limetungwa kwa ajili ya watu kama yeye hasa, ndiyo maana linauliza kazi na safari kabla ya michezo! Ndugu yake, dodoso liitwalo IPAQ, lina lake pia: hata akikumbuka kila hatua, kutembea kunakozidi dakika 180 kwa siku kunahesabiwa 180. Saa nne za kufuata maji zinakuwa tatu zikifika mezani. Wewe wa supu unapanda, yeye anashuka.

Usione aibu, huko Marekani wenzako ni wengi. Kwenye uchunguzi wa afya ya taifa wa 2003 hadi 2004, watu wazima karibu nusu walijieleza kuwa wanafanya mazoezi ya kutosha. Walipofungwa kiunoni kifaa cha kurekodi mwendo, waliofikisha kiwango hawakutimia asilimia 5.

Hata hivyo, wataalamu hawajalitupa dodoso, na wana sababu. Mtafiti Ralph Paffenbarger aliwauliza kwa karatasi wanaume 16,936 waliosoma Harvard: unapanda ngazi ngapi, unatembea umbali gani, unacheza mchezo gani. Mwaka 1978 alionyesha kwamba waliotumia chini ya kilokalori 2,000 kwa wiki walikuwa na hatari ya shambulio la moyo kubwa kwa asilimia 64 kuliko wenzao. Watu wakiwa maelfu, chumvi ya huyu na usahaulifu wa yule hupunguza makali ya jibu bila kulizima. Shida inaanza pale daktari anapokuwa na mgonjwa mmoja tu mbele yake, na mgonjwa huyo ni wewe, umeusoma mwongozo huu na umetoka na alama 1,200.

Likija suala la kifaa cha kiunoni, usiogope sana, kina upofu wake. Hakijui kama kichwani una ndoo au huna, na anayeendesha baiskeli kinamwona kama mtu aliyetulia. Lakini usije ukamfunga mtoto wa darasa la pili akuvalie kwa wiki moja. Namba atakazoleta hakuna mchambuzi atakayeziamini kwa mtu wa miaka 52 mwenye kitambi.