Vioo Saba vya Kusomea Masta Ukiwa Sumbawanga, kutoka Mkiani hadi Kileleni

Ukitaka kuzua ubishi usioisha kijiweni Mazwi, anza na Simba na Yanga. Hao wakichoka, uliza mwanachuo wa uzamili anunue laptopu ya inchi ngapi. Fundi simu atasema 15.6. Mwalimu atasema 13. Na hakosi mmoja, ambaye hajawahi kufungua hata barua pepe, atakayesema 17, "ili uone vizuri mzee."

Tatizo ni kwamba kila mmoja anamfikiria mwanachuo wa kwenye matangazo: kijana, bweni, meza, feni. Mwanachuo wa Ufipa ni mwalimu wa Laela, muuguzi wa Namanyere, afisa kilimo wa Matai. Wengine wanasoma kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye kituo cha mkoa hapa mjini, kwa hiyo chaki iko mkono mmoja na tasnifu mkono wa pili. Wengine wanaifuata kampasi ya Mzumbe kule Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa basi. Kioo chao kinasafiri kuliko mwenyekiti wa halmashauri.

Basi tuhesabu kuanzia mkiani. Ila jambo moja kwanza: inchi za kioo hupimwa kona hadi kona, mshazari. Namba hiyo haikuambii kioo kina kimo gani, na tasnifu husomwa kwenda chini.

7. Inchi 17.3: Sinema ya Kata

Hii ni ya mtu anayetaka kuonekana msomi kabla hajasoma. Upana wa kioo pekee ni sentimita 38. Uzito mara nyingi unavuka kilo mbili na nusu, na hapo chaja bado iko nyumbani, maana inahitaji begi lake. Ukiipakata kwenye bodaboda kutoka stendi, dereva akishika breki inakupa salamu ya kidevu.

Tuitendee haki: ina sifa moja. Mji uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi ya Ufipa haina huruma. Laptopu hii ikifanya kazi nzito hupasha mapaja kama jiko la mkaa. Lakini kama shida yako ni baridi, nunua blanketi. Bei yake nafuu, na haliombi kusasishwa katikati ya usiku.

Anayestahili: mtu anayechora ramani za bonde la Ziwa Rukwa kwa QGIS, mezani kwake, na hana mpango wa kutoka.

6. Inchi 11.6: Kadogo Kenye Maneno Mengi

Kanaingia kwenye mkoba, kepesi, bei yake inatabasamu. Muuzaji atakwambia "hii ni ya chuo kabisa." Hajasema chuo kipi.

Kimo cha kioo chake ni sentimita 14.4. Karatasi ya A4 ina kimo cha sentimita 29.7. Maana yake, ukiukuza ukurasa ufikie ukubwa wake halisi, huoni hata nusu yake. Utasoma tasnifu nzima kwa kuchungulia, aya baada ya aya, na ukifika kwenye hitimisho umeshasahau tatizo la utafiti lilikuwa nini.

Halafu nyingi za saizi hii zina RAM ya GB 4. Fungua SPSS na kivinjari kwa pamoja, mojawapo itaomba ruhusa ya ugonjwa.

Anayestahili: mtoto wa darasa la tano. Mpe.

5. Simu, Inchi Sita na Ushee: Msaidizi Asiye na Mkataba

Najua, najua. Simu imeipitaje laptopu? Kwa sababu simu haijifanyi. Kundi la WhatsApp la darasa liko humo. Makala za PDF ziko humo. Maoni ya msimamizi yaliyotumwa saa nne usiku yako humo, na kwa bahati mbaya alama za kwamba umeyasoma nazo ziko humo.

Umeteremka milima ya Lyamba lya Mfipa kwenda kukusanya data Muze, wingu limefunga: unapiga picha madodoso yote papo hapo, na mvua inyeshe inavyotaka. Laptopu ya inchi 17 wakati huo iko kwenye mfuko wa nailoni, inasali.

Ila sura ya nne haiandikwi kwenye simu. Jedwali lenye safu nane kwenye kioo cha kiganjani ni adhabu ambayo hata kanuni za chuo hazikuitaja. Vidole gumba vitastaafu kabla yako.

4. Inchi 15.6: Kipenzi cha Wananchi

Hii ndiyo utakayoonyeshwa kwanza dukani, kwa sababu ndiyo iliyojaa dukani. Nayo ina hoja. Upande wa kulia wa kibodi nyingi za saizi hii kuna vitufe vya namba peke yake. Rukwa ni mkoa wa mahindi, na utafiti wa hapa hauyakwepi magunia: ekari ngapi, magunia mangapi, mbolea mifuko mingapi, watu wangapi kwenye kaya. Mwenye madodoso 200 ya kuingiza atavibariki vile vitufe.

Sasa panda nayo basi la alfajiri la kwenda Mbeya. Umekaa dirishani, umeifungua, sura ya pili iko mbele yako. Abiria wa mbele anavua koti, anapiga mwayo, anavuta kitasa, kiti chake kinalala. Mgongo wa kiti unasukuma kioo, kioo kinakuja kifuani, mikono inabaki imefukiwa kati ya kibodi na tumbo. Unajaribu kwa heshima: "Samahani kaka." Kaka ameshalala. Mkifika Laela umeandika neno moja, nalo ni "Utangulizi."

Na kuna mtego. Zipo laptopu za inchi 15.6 zenye nukta 1366 kwa 768, idadi ile ile inayopatikana kwenye vile vidogo vya inchi 11.6. Kioo kimekua, nukta hazikuongezeka. Umelipia ukubwa, na hujapata hata mstari mmoja wa ziada wa maandishi. Zile zile, zimenenepa tu. Uliza 1920 kwa 1080. Muuzaji akijibu "hii ni HD mzee," hajajibu.

3. Inchi 12.5 hadi 13.3: Msafiri wa Kasanga

Hapa sasa tunaongea. Kuna ThinkPad X260 na EliteBook 820 zilizotumika, zote za inchi 12.5, na kundi zima la inchi 13.3. Wewe ni muuguzi, unafuatilia zahanati za mwambao wa Tanganyika, leo Kasanga, kesho kutwa Kirando. Begani huisikii. Kwenye kiti cha basi inafunguka hata kaka wa mbele akilala usingizi wa pono.

Tatizo ni macho. Wengi huku wanasoma masta wakiwa na watoto sekondari, na miwani iko njiani kama haijafika. Kioo cha inchi 13.3 chenye nukta 1920 kwa 1080 kinatoa herufi ndogo, kwa hiyo utakuza kila kitu hadi asilimia 150. Piga hesabu: nafasi inayobaki ya kufanyia kazi ni sawa na nukta 1280 kwa 720. Hiyo ni pungufu ya kile kioo cha 1366 kwa 768 tulichokicheka hapo juu. Ulinunua ukali wa picha, nafasi ukairudisha dukani.

Lakini asikutishe mtu. Mwanaanthropolojia Roy Willis alifanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kitabu chake cha historia ya Wafipa, *A State in the Making*, kikatoka 1981. Inchi zake za kioo uwandani zilikuwa sifuri.

2. Inchi 14: Mstaafu wa Ofisini

ThinkPad T480. EliteBook 840. Latitude 7490. Hizi ziliajiriwa kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani, zikastaafishwa zikiwa na nguvu zao, zikashukia Kariakoo, kisha zikapanda basi zaidi ya kilomita 1,100 hadi hapa. Zimesafiri kuliko wewe, na bado zinafanya kazi bila posho.

Upana wa kioo ni sentimita 31, uzito ni kilo moja na nusu au karibu yake. Inabebeka, inasomeka, inaandikika. Ukikuza asilimia 125 unabaki na nafasi ya kutosha kuona ukurasa na maoni yake pembeni.

Na umeme je? Sumbawanga kwa miaka mingi imevuta umeme kutoka Zambia badala ya gridi ya Taifa. Ule mradi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi hapa ndio uliobuniwa kuubadilisha mchezo. Mwanachuo wa Ufipa kwa hiyo anaijua betri kuliko anavyoijua fasihi tangulizi. Kioo kikubwa hula umeme zaidi, na hapo inchi 14 inaipiku 15.6. T480 inaongeza utani: ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma, unabadilisha huku kazi ikiendelea. Jirani anatafuta mshumaa, wewe unatafuta rejea.

Tahadhari moja. Baadhi ya wastaafu hawa walitoka kiwandani na kioo hafifu cha 1366 kwa 768. Inamisha kioo nyuma, kitazame kutoka kushoto na kulia. Rangi zikigeuka, sura ya kwanza ikaonekana hasi ya picha, rudisha mezani, sema asante, ondoka. Ukibembelezwa, ongeza mwendo.

1. Inchi 14 Begani, Inchi 24 Mezani: Mfalme na Mshauri Wake

Namba moja ni ndoa. Begani beba inchi 14, na ukipata yenye umbo la 16 kwa 10, ichukue. Ya kawaida, 16 kwa 9, ina kimo cha sentimita 17.4. Hii inafika 18.8. Ile pandikizi ya 15.6 inayosumbuana na kaka wa basini ina 19.4. Yaani kwa kimo, ambacho ndicho kinachobeba maandishi, mnapishana milimita sita tu, na wewe umebeba mzigo mdogo.

Anayetafiti malungu ataelewa haraka. Tanuri lile la Wafipa la kuyeyushia chuma limesimama wima, refu kumpita mtu mzima. Picha yake kwenye kioo kipana kifupi inakuwa mstari mwembamba katikati, weusi kushoto, weusi kulia. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliyaandikia matanuri ya kusini magharibi mwa Tanzania tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995. Atakayemfuata leo apate walau kioo kinachoonyesha tanuri kutoka kitako hadi mdomo.

Nyumbani sasa, weka monita ya inchi 24, hata iliyotumika. Kioo chake ni sentimita 53 kwa 29.9. Ile A4 ya sentimita 29.7 inakaribia kusimama nzima kwa ukubwa wake halisi, na kurasa mbili ubavu kwa ubavu zinahitaji sentimita 42 tu. Kushoto maoni ya msimamizi, kulia sura yako, na katikati nafasi ya kununia. Hakuna laptopu hapo juu, hata ile sinema ya kata, inayoweza hilo. Umeme ukikatika monita inazima, laptopu inaendelea, na hutakuwa umepoteza zaidi ya maoni ya msimamizi.

Mtasema kazi yenyewe ni ya mwaka mmoja na nusu, monita ya nini? Hiyo ni ya kwenye karatasi za chuo; utafiti wenyewe hujichukulia muda wake. Mwanaakiolojia Desmond Clark alichimba maporomoko ya Kalambo, hapo mpakani na Zambia, kuanzia miaka ya 1950. Juzuu la kwanza la matokeo lilitoka 1969, la pili 1974, la tatu 2001. Mwaka 2023 timu ya Larry Barham ikatangaza magogo yaliyounganishwa na binadamu wa kale pale pale Kalambo angalau miaka 476,000 iliyopita. Magogo yana subira. Kurugenzi ya shahada za uzamili haina. Shingo yako pia haina, kwa hiyo inua monita ilingane na macho.

Kabla hujatoa hela

Nenda dukani na karatasi moja ya A4, ibandike juu ya kioo uone ni kiasi gani cha ukurasa kinachomeza. Nenda na flashi yenye sura yako mwenyewe, si picha ya maua aliyoiweka muuzaji, uifungue pamoja na jedwali lako baya kuliko yote. Toka nayo hadi mlangoni uitazame kwenye jua la Ufipa. Ukijiona wewe badala ya maandishi, hicho ni kioo cha kunyolea. Kisha jiulize wiki yako unailala wapi: wa mezani na wa barabarani hawanunui kitu kimoja.

Muuzaji akikwambia "hii ndiyo wanachuo wanaichukua sana," muulize kwa upole: wangapi wameshahitimu?