Juni ya Mgeni Migato: Aliyoyagundua na Aliyoyaweza

Juni ndio mwezi unaompa mgeni wa Migato mengi ya kujivunia. Mvua zimekatika, pamba inachumwa, viazi vinaanikwa na ngoma zinaanza kulia. Migato ni kata ya wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Mgeni anayeelezwa hapa ni wa aina inayojulikana: mwalimu, mganga wa zahanati au bwana shamba aliyehamishwa kutoka mjini, ambaye mwezi ukiisha huwapigia simu ndugu zake na kuwasomea orodha ya mambo aliyoyagundua na aliyoyaweza. Orodha hizo hazitofautiani sana. Wenyeji wangeweza kumwandikia yake kabla hajashusha begi.

La kwanza katika orodha ni salamu. Mtu wa mjini husalimia huku anatembea. Akipishana na mzee hutupa “mwangaluka” yake ya asubuhi, aliyofundishwa na kondakta wa basi, kisha huendelea na safari. Mzee yeye amesimama. Bado hajauliza habari za nyumbani, za watoto, za kule mgeni alikotoka na kama huko mvua ilinyesha. Mgeni hulazimika kurudi nyuma kuja kujibu. Baada ya wiki mbili huweza kumaliza salamu nzima bila kuangalia saa, na hilo huliandika kama jambo aliloliweza. Sukari aliyokwenda kununua huliwa kesho yake.

Pamba ndiyo inayomnyoosha. Simiyu huongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na mwezi huu shamba likiwa jeupe hakuna anayeonekana mwenye akili timamu akikaa tu kivulini, kwa hiyo mgeni hujitolea kusaidia kuchuma. Hugundua mara moja kwamba kitumba kilichopasuka kina ncha kavu, ngumu, na kwamba ncha hizo huingia pembeni mwa kucha, mahali ambapo mtu hakujua kuwa ana nyama. Mchumaji mzoefu hukamata nyuzi zote kwa vidole vitatu na kuzivuta kwa mara moja. Mgeni huvuta pamba, jani kavu na kipande cha kijiti, vyote pamoja, na kuvitia katika gunia moja kwa fahari.

Kumbe magunia ni mawili. Pamba safi ni daraja la kwanza; iliyopata madoa, iliyoshambuliwa na wadudu au kuchanganyika na uchafu huitwa fifi, na bei yake ni ya chini. Kuzitenganisha huanza palepale shambani, mkono mmoja hadi mwingine. Gunia la mgeni humwagwa juu ya turubai uani, na bibi wa nyumba huketi kulichambua upya bila kusema neno, jambo linalouma kuliko ncha za vitumba. Kwenye mzani wa chama cha msingi hufuata pigo la mwisho: gunia lililomtoa jasho tangu alfajiri husoma kilo chache za aibu. Na hizo bado ni pamba mbegu. Kiwanda kikishatenganisha, nyuzi hubaki kama theluthi moja ya uzito. Sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu, inayokamuliwa mafuta na kuacha mashudu ya mifugo. Kwa hesabu hiyo, kazi kubwa ya mgeni siku ile ilikuwa ya kulisha ng'ombe.

Ng'ombe wenyewe hukutana naye siku ya mkokoteni. Maksai wa Usukumani hufundishwa nira wakiwa wadogo, mara nyingi na vijana wa nyumba hiyo, na amri wanazozijua ni za Kisukuma. Mgeni huwaamuru kwa Kiswahili fasaha cha darasani. Wao husimama. Yeye huongeza adabu, wao husimama zaidi. Wakiamua kuondoka, huelekea wanakokujua wao, na yeye juu ya mkokoteni hushika kamba kana kwamba wamekubaliana.

Hapo ndipo ugunduzi unaopendwa kuliko yote hutokea: uwanja mpana wa nyasi ndefu, miti michanga, wala hakuna mfugo hata mmoja. Mgeni hushangaa watu kuacha malisho mazuri hivyo, akawafungua maksai wale. Hiyo ni ngitili. Hufungwa mvua zinapoanza na kutunzwa hadi kiangazi kikali, nyasi za kwingine zikiisha. Desturi hiyo ya Wasukuma ilikuwa imedhoofika, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati eneo hili lingali sehemu ya Shinyanga, uliifufua kwa maelfu ya familia. Anayelisha ndani yake kabla ya wakati hutozwa faini. Mgeni hupunguziwa kwa sababu ya ugeni. Maksai hawapunguziwi lawama, maana wao walijua.

Michembe haina mkasa mkubwa. Ni viazi vitamu vilivyomenywa, kukatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani vikiwa vibichi. Vikichemshwa kwanza huwa matobolwa. Mgeni huuma michembe mikavu, akasikia jino likilalamika, ndipo huambiwa kwamba hupikwa. Ikichemshwa na karanga zilizotwangwa huomba sahani ya pili, na kwa kweli ana haki.

Mwezi hufungwa na ngoma. Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya wachezaji vinavyorudisha asili yao kwa waganga wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Ndiyo maana kila kundi huja na vituko, mavazi na dawa. Wapo hata wanaocheza na nyoka. Mtazamaji hapigi kura kwa mkono. Hupiga kwa miguu.

Hilo mgeni haambiwi. Husimama upande wa wenyeji wake hadi jua linapompiga usoni, kisha huvuka uwanja kufuata kivuli cha mti. Watu wa upande wa pili hushangilia, yeye akadhani wanashangilia ngoma. Baadhi ya watoto wa shule humfuata, na akina mama huwafuata watoto. Nyoka akitolewa kwenye boksi mbele ya mti ule, mgeni hurudi upande wa kwanza kwa kasi ambayo hakuionyesha mwezi mzima, na safari hii umati humfuata kwa kicheko. Jioni, kundi la wenyeji wake likishinda, jina lake hutajwa pamoja na majina ya wachezaji, naye huliandika katika orodha kuwa alisaidia.