Sifa za Toleo Jipya

Wahenga waliogopa kumsifu mgema asije akalitia tembo maji. Toleo jipya la mfumo wa kuuzia mtandaoni halina tabia hiyo: maji linatia hata usipolisifu. Kwa hiyo kulisifu hakuna hasara, na mimi ninayekaa kaunta ya duka la jumla hapa Tunduma, duka linalopokea oda za simu kutoka Nakonde hadi Mlowo, nina deni la shukrani kwake kubwa kuliko la mteja yeyote kwenye vitabu vyetu.

Nianze na huruma yake. Toleo la zamani lilikuwa linafanya kazi, na hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake. Oda iliingia, risiti ikatoka, mzigo ukapakiwa, watu wakaenda zao nyumbani hawana cha kusimulia. Toleo jipya likatuonea huruma. Kijana wa kompyuta akapiga simu kutoka Mbeya: "Shikamoo mama. Leo usiku tunapandisha toleo, saa nane, wateja wamelala. Hutasikia kitu." Mama mwenye duka akaitikia marahaba, akauliza kama la zamani linaumwa. "Haliumwi, mama. Ila muda wake umeisha."

Saa nane, lakini saa nane ya nani? Mtu wa Dodoma hawezi kulielewa swali hili. Sisi tunaishi kwenye mstari wa mpaka. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu yako ukiisogeza maeneo ya Custom inanasa mnara wa ng'ambo, saa inarudi nyuma yenyewe mfukoni bila wewe kuvuka popote. Kuna watu wamekosa basi la Mbeya asubuhi kwa sababu hiyo tu. Seva ya duka nayo iko Ulaya, inahesabu kwa saa za Greenwich, saa tatu nyuma ya Tunduma. Toleo la zamani lilikuwa limefundishwa haya yote kwa taabu: oda zote ziandikwe kwa saa za hapa, mteja awe Nakonde, awe Vwawa. Lilichukua muda, likaelewa, likatulia.

Toleo jipya, kwa unyenyekevu wake, lilikuja halijui kitu. Oda likaandika kwa saa za Tunduma, ila kutoka kwa mzigo stoo likaandika kwa saa za Greenwich. Asubuhi bamayo mmoja, mama wa Nakonde, akaagiza saa tatu kamili, vijana wakampakilia saa tatu na dakika arobaini, na mfumo ukaonyesha mzigo wake ulitoka muda wa saa mbili na dakika ishirini kabla hajauagiza. Kuna makampuni duniani yanateketeza mabilioni yakitafuta namna ya kumfikishia mteja mzigo siku hiyohiyo. Sisi wa Tunduma tumewapita, tena kwa kubadilisha kisanduku kimoja kwenye mipangilio.

Uwezo wake haukomei kwenye saa. Mwaka 2016 Serikali iliumega mkoa wa Mbeya, ikazaliwa Songwe, makao makuu Vwawa, na shughuli hiyo ilihitaji vikao, ramani, mihuri na wakuu wa kila namna. Toleo jipya limeturudisha Mbeya usiku mmoja. Orodha yake ya mikoa ya Tanzania imechukuliwa ilipochukuliwa, na Songwe haimo. Mteja wa Momba akifika kwenye anwani lazima achague Mbeya, la sivyo kitufe cha kuendelea hakiwaki. Kisha anatakiwa postikodi. Tunazo, tangu kampeni ya anwani za makazi ya 2022 nguzo zenye majina ya mitaa zimesimama hadi vichochoroni. Ila nani anaijua ya kwake kwa kichwa? Wateja wetu wanaandika sifuri tano, na mfumo unazipokea kwa heshima zote. Kwenye maelezo ya ziada ndipo wanapoandika anwani yenyewe: "Pale Sogea, uliza kwa fundi baiskeli."

Sasa nije kwenye senti, maana hapo ndipo niliposadiki kwamba kitu hiki kina kipaji. Katoni ya sabuni tulikuwa tunauza 32,000, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani. Toleo la zamani lilikuwa linagawa hivi: bei kabla ya kodi 27,118.64, kodi 4,881.36, jumla inafunga kama kifuniko. Toleo jipya likaona shilingi haina senti siku hizi (si uongo, nani ameokota senti karibuni?), likaifanya ile bei ya kwanza namba nzima, 27,119. Kisha likaikokotolea kodi yake, safari hii pamoja na senti. Ikaja 32,000.42. Mteja anatuma 32,000 kwa lipa namba, kwa kuwa simu haitumi senti. Mfumo unamjibu: malipo hayajakamilika. Mzigo hautoki.

Siku hiyo oda zilijipanga kwenye kioo, kila moja ikidaiwa senti arobaini na mbili. Mzee mmoja wa Chapwa alikuja mwenyewe dukani, akaweka sarafu ya shilingi hamsini juu ya kaunta, akaisukuma kwa kidole mpaka mbele yangu. "Malizia hilo deni, mjukuu wangu. Chenji utaniwekea." Zambia walipoondoa sifuri tatu kwenye kwacha, Januari 2013, walitangaza mapema, na noti za zamani na mpya zikatumika pamoja kwa miezi sita. Woga tu. Toleo jipya linagusa desimali usiku wa manane na halimsumbui mtu kwa tangazo.

Wenye kijicho watasema haya ni ya duka dogo la mpakani. Wamekosea. Magento, mojawapo ya mifumo mikubwa ya kuuzia mtandaoni, ilitoa toleo lake la kwanza 2008 na la pili Novemba 2015, na Juni 30, 2020 la kwanza likaachwa rasmi bila matunzo. Waliokuwa na maduka humo waligundua kwamba "kupanda" toleo la pili maana yake ni kujenga upya: sura ya duka haihami, nyongeza walizolipia hazihami, kinachohama ni data, nayo kwa mbinde. Na Agosti 1, 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, Knight Capital, iliweka programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ilisahauliwa. Ndani ya dakika kama 45 kampuni ikapoteza dola zaidi ya milioni 400. Jambazi gani wa barabara ya TANZAM ana kasi hiyo? Na hakuna aliyevunja hata kufuli.

Tena toleo jipya linaunganisha watu, jambo ambalo hata kituo cha pamoja cha forodha, walichokizindua Marais Magufuli na Lungu Oktoba 2019, hakijalifikia. Kituo kile kinakagua mzigo mara moja ili watu wapite upesi. Toleo jipya linawakalisha. Madereva wa Nakonde na wapagazi wa kwetu wameshinda kwenye ngazi za duka wakisubiri kiduara kikome kuzunguka, wameongea Kinyamwanga mpaka wakagundua wawili wao wameoa ukoo mmoja. Mama ntilie wa jirani sasa anakuja asubuhi kuniuliza kwa adabu kama usiku tumepandisha kitu, ili ajue apike mchele kilo ngapi.

Siku ya tatu mama akampigia kijana. Alikuwa mpole, na anapokuwa mpole sisi huwa tunahamia stoo.

"Mwanangu, lirudishe la zamani."

"Mama, haiwezekani."

"Si ulisema una bakapu?"

"Ipo, mama. Ila tulichukua baada ya kupandisha."

Mama akakata simu, akanituma nikanunue kauntabuku, kwaya nne, na kalamu mbili za bluu. Nilivyorudi na risiti akaniambia niiingize kwenye mfumo, gharama za uboreshaji. Nimeingiza. Inaonyesha tulinunua jana, mkoani Mbeya.