Meseji Haijaingia

Malipo ya gorogoro moja ya mahindi sokoni Mukumu, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, husafiri mbali kuliko mahindi yenyewe. Mteja na muuzaji wamesimama hatua mbili tu, lakini ujumbe unaotoka simu moja kwenda nyingine hupitia mnara, seva na foleni ambazo wote wawili hawajawahi kuziona, na kila kituo kina namna yake ya kukwama. Matokeo huwa matatu: malipo yamepita, yamekataliwa, au kimya. Kimya ndicho huleta kisirani.

“Mama, nimetuma.”

“Haijaingia, kijana wangu.”

Wote wawili wanasema kweli. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Jim Gray aliliita tatizo hili “la majenerali wawili”: majeshi ya upande mmoja, yanayotaka kushambulia kwa pamoja, yametenganishwa na bonde la adui, na tarishi anaweza kukamatwa njiani. Hata jibu likitumwa, aliyelituma hajui kama limefika, na kuongeza matarishi hakusaidii. Sokoni mteja humwonyesha mama kioo cha simu, ushahidi ambao matapeli wameshauharibia jina.

Mfumo usiosikia jibu una njia mbili. Unaweza kunyamaza, na ujumbe ufike mara moja au usifike kabisa. Hilo linavumilika kwa vipimo vya joto, si kwa fedha. Au utume tena mpaka ujibiwe, na ujumbe ufike angalau mara moja. Gharama imejificha kwenye hiyo “angalau”: kama kazi ilifanyika na kilichopotea ni jibu tu, kurudia ni kulipa mara mbili.

Dawa ni mpokeaji kukumbuka. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, huupa kila muamala msimbo wa herufi na tarakimu kumi. Muuzaji mwenye daftari huunakili. Meseji ile ile ikirudi, anakuta msimbo wake umeshaandikwa na kuipuuza. Programu ya kupokea malipo iliyoandikwa vizuri hufanya vivyo hivyo. Lakini msimbo huo hutolewa na mfumo, si na mteja. Aliyekosa subira akaanza upya menyu, kiasi na namba ya siri hajarudia malipo. Amefanya mengine, yenye msimbo mpya na halali kabisa, na daftari halina la kusema. Ndiyo maana wahandisi hutaka kitambulisho kitoke kwa mtumaji kabla ya jaribio la kwanza. Kwa aliyekwisha kulipa mara mbili, kuna kupeleka meseji kwa 456 kuomba kurudishiwa, au kubeba gorogoro ya pili.

Wapo waliojaribu kuiondoa kabisa hiyo “angalau”. Apache Kafka, mfumo wa mikondo ya data uliotoka LinkedIn na kuwekwa wazi kwa umma mwaka 2011, ulipewa jina la mwandishi Franz Kafka, na aliyewahi kufuatilia malipo yaliyokwama hatalipinga. Toleo 0.11 la mwaka 2017 lilileta ahadi ya “mara moja tu”: matokeo na alama ya mahali programu inayosoma mkondo ilipofikia hufungwa pamoja, vipite vyote au vifutwe vyote. Ahadi hiyo huishia mlangoni mwa Kafka. SMS ikishatoka haifutiki, na mahindi yakishamiminwa kwenye mfuko wa mteja hakuna programu ya kuyarudisha.

Kasi ya kurudia nayo ina adabu zake. Seva inayoinuka ikigongwa na wote kwa pamoja huanguka tena; kwa hiyo programu husubiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, na kila moja huongeza muda kidogo wa kubahatisha ili zisirejee kwa mkupuo. Binadamu hufanya kinyume: kadiri jibu linavyochelewa ndivyo anavyobonyeza kwa kasi, hasa makanga akiwa anapiga ubavu wa matatu.

Kuna pia ujumbe usiofaulu hata urudiwe mpaka Krismasi. Mzazi analipa karo, na penye namba ya akaunti anaandika “Baba Brian”. Katika mkondo unaofuata zamu, ujumbe huo huziba njia na kuchelewesha karo ya wengine wote. Kwa hiyo baada ya majaribio machache huhamishiwa foleni ya pembeni, ambako programu hunawa mikono na kumwachia karani. Karani huisoma siku ya kufungua shule, anaita Baba Brian kwa sauti, na wanaume watatu wanasimama.