Sifa za Mlio wa Sikioni

Katika pwani hii ya Mombasa ambako maji hukatika, stima hupotea, na feri ya Likoni huweza kumsimamisha mtu kwenye foleni hadi ajute kuzaliwa ng'ambo ya kusini, iko huduma moja isiyokatika kamwe: mlio wa sikioni. Haudai tokeni, hauna mgao, haugomi, haujui sikukuu. Mitambo ya kusafisha mafuta ya Changamwe, iliyoanza kazi 1963, iliacha kusafisha 2013. Lakini mtu aliyeuacha usikivu wake kwenye mashine za aina hiyo huenda bado anazisikia usiku huu, tena bila malipo ya ziada. Mwajiri humsahau mfanyakazi kabla kiinua mgongo hakijatoka. Mlio humfuata hadi nyumbani, hulala naye, na huamka kabla yake. Wahenga walisema sikio halilali na njaa, na la mwenye mlio hulala limevimbiwa. Sifa nyingine tuzitaje upesi: hauli nafasi, hauhitaji taa, na hauombi kibali cha mtu.

Uaminifu huo una asili yake. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo, yapata 15,000 kila upande, zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Kelele kali huziua, na kwa binadamu zikifa haziumbiki tena. Ubongo ukizikosa ishara ulizozizoea, wataalamu wengi wanaona, hujipandishia sauti wenyewe, na mtu akasikia filimbi isiyopulizwa na yeyote. Atatokea wa kusema si kelele peke yake. Kweli: iko nta iliyojaa, uko uzee, ziko dawa. Waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanaujua mvumo wake, ingawa huo kwa kawaida hutulia dawa ikiisha. Mwingine atasema ni jini. Lakini ni jini gani huyu awapendaye mno mafundi wa kuchomelea, madereva na makanga? Katika visababishi vyote, kelele ndiyo tunayoinunua kwa pesa zetu na kuifunga chini ya viti.

Na hapo kusifu kunanishinda. Uliza kwa nini matatu ya Kisauni itikise meno ya abiria, utajibiwa kwamba gari bila muziki halijai. Haya, na lijae. Abiria atashuka Kongowea. Dereva na makanga watabaki na wufa lile kutwa, na wao ndio wa kwanza kuumia. Kanuni za Kenya za mahali pa kazi za 2005 zinataja kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Wataalamu wengi ni wakali zaidi: huanzia 85, kisha hukata muda nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni za robo saa tu, na robo saa, kukiwa na foleni, haikufikishi hata Daraja la Nyali. Halafu ziko kanuni za kelele za 2009, zilizokabidhiwa NEMA, mamlaka ya mazingira: usiku, mtaa wa makazi usizidi desibeli 35. Thelathini na tano! Feni ya mezani yenyewe inastahili kushtakiwa. Wakati huohuo disko matanga hupigwa hadi adhana ya alfajiri, na jirani anayelalamika huulizwa kama ana chuki na marehemu.

Kwa aliyekwisha kuupata mlio, linalobaki ni lile jibu la kliniki: "Hakuna dawa, zoea." Nusu yake ni kweli, kwani kidonge cha kuufuta mlio hakipo. Lakini kipo kipimo cha usikivu, iko nta ya kutolewa, viko vifaa vya usikivu kwa aliyepungukiwa, na uko ushauri wa kisaikolojia unaofundisha akili isiuogope mlio, ambao umethibitika kupunguza mateso yake. Iko hata feni ile mhalifu, maana kimya kikubwa huupa mlio uwanja wote. Na mlio wa sikio moja tu, au unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, au uliokuja na uziwi wa ghafla, unataka daktari upesi, wala si subira. Anayeambiwa azoee amenyimwa yote hayo kwa neno moja. Akishtaki, atashtaki nini? Mlio wake, kama wa wagonjwa wengi, anausikia yeye peke yake, na hakuna mashine ya mkaguzi itakayounasa. Ndiyo kelele pekee ya Kisauni inayotii kanuni za 2009.